Sabuni Tunayo

Kinyozi wa barabara ya nyuma alikuja kutafuta mchoraji wa kibao cha saluni yake. Alikuwa ameelekezwa vizuri: geti la kijani, ubavuni mwa kanisa, uliza Brashi. Akafika, akainua macho, akasoma maandishi ya getini: MAKAO YA WASIOJIWEZA. Akageuka mpaka dukani, akanunua miche miwili ya sabuni, akamkabidhi mlinzi, akamwambia kibao atakitafutia mtu kwingine, akaenda zake.

"Sabuni!" Brashi aliniambia nilipomtembelea, akipiga kofi mkono wa kiti chake cha magurudumu. "Mtu kaja na kazi, kaacha sabuni! Kwani nanuka?"

Brashi ni jina walilompa wenzake. Miguu yake ilinyauka tangu utotoni, lakini mkono hautetemeki. Vibao vingi vya mtaa ule ni vyake: duka la dawa, fundi redio, mama wa cherehani. Huulaza ubao juu ya mikono ya kiti, hupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, kisha huandika. Chini pembeni huweka jina lake, kama wafanyavyo wachoraji wote. Kibao kisicho na jina, anasema, ni mtoto wa kuokota.

Kile cha getini tu hakikuwa chake, alikikuta. Sasa kilikuwa kimebanduka rangi, na Jumapili walikuwa wanakuja waumini wanaowaletea wakazi mchele. Sista mkuu, mwanamke mwenye huruma nyingi na masikio machache, akaagiza kiteremshwe, akampelekea Brashi.

"Kirudishie uhai, mwanangu."

"Nitakipa na jina jipya, Sista."

"Lilelile. Watu wameshalizoea."

"Hilo ndilo balaa. Wamelizoea!"

Neno lenyewe linaudhi kwa ustadi wake. Nimepita kwenye nyumba kama hizi nikasikia wakazi wake wakiitwa kwa lugha kadhaa. Nyingine huhitaji sentensi nzima kumshusha mtu. Kiswahili kinamaliza kwa neno moja, na katikati yake kinapachika kile kijisilabi "ji", kana kwamba mtu alijijaribu mwenyewe akajishindwa.

Brashi na Sista wakabishana baada ya sala, wakabishana mezani.

"Unyenyekevu, mwanangu."

"Unyenyekevu nautoa mimi mwenyewe, Sista. Haubandikwi getini."

"Hasira hasara."

"Hasara nimeshaipata. Niachie hasira."

Aliyemnyamazisha alikuwa jirani yake wa chumba cha pili, ambaye wote humwita Shangazi. Ana mkono mmoja, na kwa huo anashona sare za shule nzima.

"Brashi, umetuchosha. Andika! Mchele usipokuja, tutapika herufi zako?"

"Shangazi, na wewe hujiwezi?"

"Najiweza sana. Ila kwa mchele, baba, sijiwezi."

Brashi akageuza kiti chake. Kuwalaza wenzake njaa kwa ajili ya neno hakuweza. Kuliandika bila kusema kitu, nako hakuweza. Akajifungia na kopo la rangi, akatoka jioni akiwa ananuka tapentaini na amenuna.

Kibao kilipopandishwa, Sista alipiga makofi kutoka ng'ambo ya barabara. Neno lilikuwepo lote, jekundu, nono, na kivuli cheusi kwa kila herufi.

Jumapili waumini waliposhuka kwenye gari, mzee mmoja alivaa miwani, akasogea getini, akasoma kwa sauti yale yaliyokuwa chini pembeni, mahali pa jina:

"Mchoraji: Brashi, asiyejiweza wa humu ndani. Kazi zinapokelewa. Sabuni tunayo."

Halafu mzee akacheka mpaka miwani ikamwanguka. Sista akasogea, akasoma, akasoma tena.

"Brashi!"

"Naam, Sista. Kila mchoraji huweka jina."

Sista akageuka, akaenda kusimamia mchele, ambao ulishushwa wote, gunia kwa gunia, huku Shangazi akiuhesabu kwa macho. Kibao hakuamuru kiondolewe. Neno nalo lipo mpaka leo, na Brashi akipita chini yake hulisonya.

Kinyozi, habari za kibao zilipomfikia, alirudi wiki hiyohiyo, mikono mitupu, akaulizia bei. Brashi alimtazama toka kichwani hadi viatuni, akamtajia bei mara mbili ya ile ya kawaida.

"Mbona ghali hivyo, ndugu yangu?"

"Ya saluni ni nusu," Brashi akasema. "Nusu nyingine ni ya siku ile uliyoishia getini ukaniachia sabuni."