Mmea Usio na Mafuta

Inatangazwa kwa wote wanaohusika kwamba mmea wa porini wenye majani ya kijivu na maua madogo meupe, ulioletwa kuchunguzwa katika Maabara ya Mimea, hauna mafuta ya harufu kwa kiasi kinachopimika, wala hauna uwezo wowote uliothibitishwa wa kufukuza, kulemaza au kuua wadudu wa nafaka. Suala hili limefungwa.

Ndivyo ulivyosema Waraka Namba Kumi na Nne, na ulisema hivyo miaka minane bila kubishiwa na mtu. Aliyeuandika alikuwa fundi wa kukeneka: kazi yake ilikuwa kupitisha mvuke wa maji kwenye majani, kuupoza mvuke huo, kisha kukaa kusubiri mafuta yaelee juu ya maji. Kazini walimwita Mzee wa Mvuke, ingawa hamsini ilikuwa bado. Upara wake aliusingizia mvuke.

Aliupenda waraka ule kama mtoto wa pekee. Ripoti nyingine alizoshiriki zilikuwa na majina sita, la sita likiwa lake. Huu ulikuwa wake peke yake. Mwaka huu, baada ya miaka kumi na tisa mezani, aliomba cheo cha mtaalamu mwandamizi. Fomu ilitaka orodha ya "michango ya pekee katika taaluma". Akaandika waraka kwenye mstari wa kwanza, akautazama mstari wa pili muda mrefu, akauacha jinsi ulivyo. Kamati ingekaa baada ya miezi mitatu.

Wiki hiyohiyo mama mkwe wake alikuja kukaa nao, na gunia dogo la maharagwe. Mzee wa Mvuke alipolifungua akakuta majani ya kijivu yamechanganywa humo. Akayatambua mara moja, kama mtu anayemwona mshitakiwa aliyemfunga mwenyewe anazurura sokoni. Kwa heshima zote, macho chini, alimweleza mama mkwe kwa robo saa yale ambayo sayansi ilikwisha kuyasema. Bibi yule alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, baba," kisha akalifunga gunia na majani yake ndani.

Mkwe hagombani. Mzee wa Mvuke alichota nusu ya maharagwe akayatia kwenye ndoo, akaokota majani moja moja, akafunika. Kila alipopita jikoni aliigonga ndoo kidogo kwa kidole, kama mwalimu anayempitia mwanafunzi wake bora.

Baada ya miezi miwili mkewe alifunua ile ndoo. Maharagwe yalikuwa yamebunguliwa, unga umejaa chini, na fukusi wanatembea juu kama watu waliotoka mkutanoni. Gunia la mama lilikuwa zima. Mzee wa Mvuke alilaumu kifuniko, akalaumu unyevu, akaulaumu na upawa.

"Baba Watoto," mkewe akasema, "hawa wadudu hawajausoma waraka."

Alasiri ile mama mkwe alikaa kwenye ngazi za jikoni akichambua yaliyosalia. Hakusimanga. Aliuliza tu, kama mpishi anavyomuuliza mpishi mwenzake, huko kazini waliyafanyaje yale majani. Swali la kitaalamu halikuwahi kumkuta Mzee wa Mvuke bila jibu. Akaeleza kwamba kanuni inataka uzito kamili wa majani makavu, kwa hiyo aliyaweka kwenye tanuri la kukaushia siku tatu, joto la nyuzi sabini, hadi mizani ilipoacha kucheza. Hapo ndipo alipoyakeneka. Na ili mama asidhani majani yaliteswa, akaongeza kwamba zile siku tatu korido nzima ilinukia vizuri ajabu. Watu wa ghorofani walishuka kuuliza kuna nini. Karani wa kumbukumbu alihamishia kiti chake mlangoni pa maabara.

Mama mkwe akachambua maharagwe mengine kama matatu hivi.

"Kama harufu ilikuwa kwenye korido, baba," akasema, "kwenye chupa mlikuwa mnatafuta nini?"

Mkewe aliingia ndani haraka, na kikohozi kilichosikika huko hakikuwa cha mafua.

Kila mwaka Mzee wa Mvuke huwafundisha wanafunzi kwamba mafuta ya mimea ni mepesi, hutoroka kwa joto kidogo tu, hata la kiganja. Huwadondoshea tone mkononi walione likitoweka. Kwa hiyo alijua. Alichokuwa hajakijua ni kwamba tanuri lina joto kuliko kiganja. Aliyafukuza mafuta siku tatu, akayanusa, akayasifu, kisha akachemsha makapi na kutangaza kwamba makapi hayana kitu. Akakumbuka pia kwamba juma lile mende walihama chumba cha chai, na barua ya shukrani akaandikiwa mpuliza dawa.

Jumatatu alikeneka nusu kilo ya majani mabichi. Saa ya kwanza haijaisha, tabaka la manjano likaelea juu ya maji. Ile mashine ya kutenganisha viambato, ambayo zamani ilimchorea mstari tambarare kama sakafu, safari hii ilichora vilele, kirefu kuliko vyote kikiwa kafuri, na pembeni yake ile sineoli inayonukia kwenye mkaratusi. Akatia fukusi ishirini kwenye chupa yenye tone la mafuta karatasini, na ishirini kwenye chupa isiyo nalo. Kesho yake kumi na tisa wa chupa ya kwanza walikuwa miguu juu, na wa ishirini anayumba. Wa chupa ya pili walikuwa wanashughulikia mambo ya ndoa. Akarudia mara nne. Hakuwa na mazoea ya kurudia jaribio lililompendeza, lakini ndiyo kwanza ameanza kumshuku mtafiti.

Kamati ilikuwa imebakiza wiki mbili. Mkewe alimshauri anyamaze mpaka cheo kitoke, halafu aseme. Mzee wa Mvuke alilipima shauri hilo siku nne, na siku zote nne aliliona la busara.

Siku ya tano alimuuliza mama mkwe kama waraka haukufika kwao. Ulifika. Bwana shamba aliubandika mlangoni pa ghala la kijiji. Yeye hakuusoma, miwani ilikuwa imevunjika.

"Jirani yangu anasoma vizuri," mama mkwe akasema. "Akayatupa majani. Mwaka ule hakubakiza hata mbegu."

Asubuhi yake Mzee wa Mvuke alichukua fomu ya kuripoti hitilafu. Palipoulizwa kifaa kilichosababisha kosa, akaandika: Fundi. Palipoulizwa nani amekirekebisha, akaandika: Mama mkwe wake.

Mwenyekiti wa kamati aliisoma fomu ile mara mbili, akavua miwani. "Sasa unaomba tukupandishe kwa huu waraka, au kwa kuufuta?"

"Lolote litakalowahi, Mwenyekiti."

Walicheka sana, na wakaahirisha ombi lake mpaka waraka ufutwe rasmi na Kamati ya Nyaraka, ambayo bado haijateuliwa. Mzee wa Mvuke aliandika matokeo mapya kwa mkono, herufi kubwa, akampa mama mkwe akayabandike mlangoni pa ghala, juu ya yale ya zamani. Jirani akayasoma.

Waraka Namba Kumi na Nne bado una nguvu. Nakala yake halisi iko chumba cha kumbukumbu, kwenye rafu ambayo karani ameitandika majani ya kijivu yenye maua madogo meupe, na huyabadilisha kila mwezi. Kabati zima limeliwa na wadudu, isipokuwa rafu hiyo.