Mshika Jua na Posa ya Binti wa Nyuki

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kamera. Nilikabidhiwa ubao. Ulikuwa mwembamba, mrefu kama mlango, na upande mmoja ulibandikwa karatasi zile za kung'aa zinazotandikwa ndani ya masanduku ya majani ya chai. Tulikuwa Mtoni, nyuma ya maduka ya Barabara ya Kilwa, kikosi cha filamu kikipiga picha za akina mama wanaochimba mtaro. Mpigapicha Mkuu, Mnyamwezi mnene mwenye kofia ya pama, alinisimamisha kulielekea jua.

"Unamwona yule mama? Kivuli cha kanga kimemmeza uso. Likamate jua, mpelekee."

"Nilikamateje, mzee?"

"Kwani kwenu hamna kioo?"

Nikauinamisha ubao. Doa la mwanga likatambaa ukutani, likampita mbuzi, likatua usoni pa yule mama. Akafumba macho, akanitukania ukoo mzima.

"Shavuni, bwana," Mpigapicha Mkuu akasema. "Macho mwachie mwenyewe."

Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu. Ile nyingine niliiacha darasa la sita. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nikabaki na wadogo watatu katika chumba kimoja. Nilibeba matofali na kuuza mkaa mpaka nikapata kazi hii ya mshahara wa kila mwezi. Nilikuwa nimeapa kwamba Mwanaidi, anayenifuata mie, atasoma hadi awe mwalimu.

Vijana wa leo wana taa za kila namna, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Sie taa yetu ilikuwa jua. Asubuhi ni pole, linapaka uso kama mafuta. Saa sita linasimama utosini na kuchimba mashimo chini ya nyusi, hata mrembo anafanana na fuvu. Hapo ndipo mshika ubao anapoustahili mshahara wake: analitoa jua juu na kulileta ubavuni. Upande wa karatasi hutoa mwanga mkali, na upande wa nyuma, uliopakwa chokaa, hutoa mwanga wa upole. Wa upole tuliuita mwanga wa mapenzi, ingawa kwa miaka mingi tuliutumia kwa mahindi na ng'ombe wa maziwa.

Nilizunguka na kikosi Kinondoni, kwenye nyumba bora, halafu vijiji vya ujamaa vya njia ya Kisarawe. Kisha akaja Mwongozaji mpya, kijana aliyesomea ughaibuni, aliyetaka filamu ya hadithi. Kijana mrina asali anaona mzinga wake unaimba. Anaufungua, anatoka msichana. Wanapendana, lakini kila wakigombana msichana hugeuka nyuki akaruka, na bwana hukimbia shamba zima na ua mkononi akimbembeleza arudi. Ndugu Katibu, aliyekuwa mkubwa wetu wote, alimsikiliza huku akipangusa miwani.

"Taifa linajenga uchumi, wewe unaleta nyuki wa mahaba. Kilimo kimo?"

"Asali imo, Ndugu Katibu."

"Basi hiyo ni ufugaji nyuki. Endeleeni."

Tukapiga kambi kijiji kimoja cha Wazaramo nje ya Ukonga, penye mikorosho na mizinga ya kweli. Mrina asali aliigizwa na Hamza, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, mpole, mwenye sauti nzuri. Binti wa nyuki alikuwa karani mmoja wa mjini. Aliiona mizinga, akauliza kama nyuki wamo, akaambiwa wamo. Mchana huo akadandia lori la mihogo, akarudi zake.

Siku hiyo hiyo Mwanaidi alikuja kuniletea nguo na habari: amepata nafasi chuo cha ualimu, na anatakiwa kuripoti mwezi unaofuata. Alikuwa akicheka, nyuki wamemzunguka, naye wala hana habari nao. Mwongozaji akaacha chai yake ipoe.

"Ndugu, huyu ni nani kwako?"

"Mdogo wangu. Anakwenda chuo."

"Nipe wiki mbili tu."

Mwanaidi mwenyewe ndiye aliyekubali, mie nikaridhia. Kazi ikaenda vizuri. Nilimwekea mwanga wa chokaa, Hamza akikimbia na ua lake mpaka wanakijiji wakashika mbavu.

Balaa ilikuja kwenye posa. Mwongozaji hakutaka wazee wa kuigiza. Akawaomba wazee wenyewe wa kijiji wakae mkekani wapokee posa, akawaambia, "Fanyeni kama mnavyofanya siku zote." Mzee Kibwana, mkubwa wao, akamuuliza Mwanaidi mama yake alikuwa mtu wa wapi na wa ukoo gani. Mwanaidi akamtajia: Mzaramo wa Kisarawe. Kumbe ni ukoo mmoja na wa mzee. Hakuna aliyelitilia maanani, tukadhani ni salamu. Hamza akaleta chungu cha asali, mkaja wa mama na kilemba cha mjomba. Mzee Kibwana akakipokea kilemba, akasema, "Tumepokea. Mtoto ni wenu." Mwongozaji akapiga kelele, "Kata! Safi sana!"

Tukaanza kukunja vifaa. Wazee hawakuinuka.

"Harusi lini?" Mzee Kibwana akauliza.

"Mzee, ile ilikuwa filamu," Mwongozaji akasema.

"Filamu ni hilo dude lenu la miguu mitatu. Mie ni mjomba wa mtoto huyu, kilemba ninacho mkononi. Posa haichezewi. Msichana aliyeposwa hatoki kwenda chuo wala sokoni. Anakaa ndani, anafundwa."

Nikauweka ubao chini. "Shikamoo, mjomba. Mie ndiye kaka yake, mie ndiye niliyemlea."

"Marahaba. Umemlea vizuri, Mungu akulipe. Lakini kwetu mtoto ni wa mjomba."

Mama yetu angesema vivyo hivyo. Nilimtazama Mwanaidi, naye amebana midomo, machozi yamejaa. Hamza alisimama kama mwizi aliyekamatwa na kuku. Kuondoka kwa nguvu kungekuwa kuwatukana ndugu zetu wa pekee duniani.

Hapo Mpigapicha Mkuu akavua pama lake, akaingia mkekani na viatu vyake.

"Nani kawapa Wazaramo ruhusa ya kupokea posa bila mimi? Babu zenu niliwanunua kwa kibaba cha chumvi!"

Mzee Kibwana akaruka kama kijana. "Mnyamwezi! Ulikuja pwani na pembe kichwani, ukarudi na chawa!"

"Na chawa wenyewe niliwaokota kwako!" Akamnyang'anya kilemba, akajifunga mwenyewe, akachovya vidole chunguni akala asali. Wazee wakaanguka kwa vicheko. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, hawakasirikiani, na mtani akichukua kitu shughulini, harudishi bila kukombolewa.

"Haya," akasema huku akilamba vidole. "Posa nimeila. Bila kilemba iko wapi?"

"Haipo," Mzee Kibwana akakiri, akifuta machozi ya kicheko. "Umetuharibia. Utakirudisha kwa fidia gani?"

"Kwa neno la binti. Sema, mtoto. Unataka nini?"

Mwanaidi hakumtazama Hamza wala mie. "Nataka chuo, babu. Anayenitaka anifuate nikishamaliza."

"Mmesikia? Kilemba nakaa nacho mpaka amalize."

Alikwenda chuo mwezi uliofuata. Filamu ilionyeshwa vijijini, na watu walimwita binti wa nyuki hata sokoni Temeke. Mie niliendelea na ubao mpaka taa za umeme zilipoingia, nikahamishiwa stoo, na huko nikastaafu. Nikiulizwa kazi ile ilinipa nini, nasema ilinifundisha kumsogezea mtu mwanga bila kumpofusha. Hata ulezi ndivyo ulivyo.

Vijana hupenda kujua wale wawili waliishia wapi. Katika hadithi yetu, binti wa nyuki aliacha mzinga akamfuata mwanamume. Mwanaidi alipohitimu alipangiwa shule moja milimani Iringa. Hamza akaacha kiwanda, akapanda basi akamfuata huko, akaposa upya kwa mjomba, akawa mkulima wa viazi. Nilipokwenda kuwatembelea alinipokea stendi amevaa makoti mawili.

"Shemeji," akaniambia akitetemeka, "mapenzi yapo. Lakini baridi hii hamkuniambia."