Bi Safia na Paa la Turubai

Bi Safia akikuuzia mihogo anakupima urefu kwa macho, halafu anakwambia, "Wewe mjukuu umerefuka hivi, sanda yako itamaliza jora zima." Yaani asubuhi asubuhi! Umeenda zako na mia tano unataka mihogo na kachumbari, unarudi nyumbani umeshavishwa sanda. Wapangaji wageni siku ya kwanza wanakimbia. Siku ya pili wanarudi, maana mihogo ile ukishaionja huna ujanja.

Kuna mkaka mmoja alimuuliza, "Bibi, mkono unaoosha maiti ndio huohuo unaokaanga?"

"Ndio. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kurudi kulalamika."

Kuosha maiti ndiyo kazi yake ya pili, na hailipwi. Anaosha wanawake wa Kiislamu wa huku kwetu Jiwe Pana, mlimani juu ya Mkuyuni. Alifundishwa na mama yake, Mmanyema aliyeolewa na Msukuma wa Misungwi, na tangu zamani alikuwa anaosha na Bi Mboni. Bi Mboni mpole, haongei. Bi Safia anaongea kwa niaba ya wote wawili.

Sasa ngoja niwaambie mlima wetu ulivyo, la sivyo hamtaelewa ugomvi ulikotoka. Nyumba zimebanwa katikati ya mawe makubwa, gari haifiki, ni njia za miguu tu. Maji ya vyombo ya jirani wa juu yanapita mlangoni kwako, ya kwako yanapita kwa wa chini. Na wa juu anaona uani kwako kila kitu. Ukianika nguo ya ndani mtaa mzima umeshajua rangi.

Kwa Waislamu mwanamke akifa anaoshwa na wanawake wenzake, kwa sitara, asionekane. Sehemu nyingine wanachimba kishimo chini ya kitanda, maji ya kuoshea yanaingia humo, wanafukia, yameisha. Huku utachimba nini? Ukipiga jembe linakurudia usoni. Ni mwamba. Kwa hiyo Bi Safia alikuwa anaoshea uani, wanazungusha kanga kwenye kamba. Kanga zinaziba pembeni. Juu hakuna kitu.

Mwaka juzi alifariki dada mmoja anaitwa Nusrat, kwenye uzazi, mdogo tu. Bi Safia akiwa anamuosha akainua macho, akaona watu wamesimama kwenye jiwe la juu wanaangalia. Mmoja ameshika simu. Bi Safia akachukua kata ya maji akawarushia. Hayakufika hata nusu. Wale wakacheka.

Toka siku hiyo wimbo wake ukawa mmoja: anataka chumba chenye paa, basi. Sio msikiti mpya, sio mnara, chumba kidogo pembeni ya msikiti wetu wa mabati. Alisumbua watu huyo bibi! Ukinunua mihogo anakuuliza tofali lako liko wapi. Tofali zikapanda mlima kichwani kwa watu, moja moja, kuta zikasimama. Ikabaki kuezeka.

Hapo ndipo baba Odeta aliporusha voice note kwenye grupu la mtaa.

Baba Odeta, jina lake Revocatus, anakaa chini kidogo ya msikiti, na kwake kuna chemchemi inatoka kwenye mawe. Maji ya bomba yakikatika, na yanakatika sana, mtaa mzima tunachota pale, Waislamu, Wakristo na wasiosali. Akasema kwa upole tu: jamani, maji ya maiti yatashuka yaende wapi kama sio kwangu? Sio mtu mbaya. Kila asubuhi yupo kwa Bi Safia na kisahani chake, anaomba pilipili ya kuzidi.

Ila mnajua magrupu. Mpaka jioni hakuna aliyekuwa anaongelea maji. Mmoja kaandika leo chumba, kesho mnara, keshokutwa mlima mzima wao. Mwingine kajibu mbona spika za kanisa lenu hatusemi. Kuna mtu hata mtaani kwetu hakai, alihamia Geita zamani, yeye ndiye aliyetuma meseji nyingi kuliko wote, zote herufi kubwa.

Mwenyekiti wa mtaa, Alexander, akaitisha mkutano. Watu walijaa mpaka juu ya mawe. Bi Safia kaja na kanga yake ya heshima, kakaa mbele na Bi Mboni.

"Baba Odeta," akaanza, "mimi na wewe tuna ugomvi?"

"Hatuna, mama."

"Mihogo yangu imewahi kukuumiza tumbo?"

Watu wakacheka. Baba Odeta naye akacheka. "Mama, mimi sina shida na wewe. Nina shida na maji."

"Tunajenga tangi la saruji. Tone halitoki."

"Likijaa? Gari la kunyonya majitaka litapandia wapi huku?"

Pale Bi Safia akaanza kuifunga upya kanga yake. Maana kweli, gari haipandi.

Akainuka mama mmoja nyuma. "Si mkawaoshee mjini? Misikiti mikubwa ina vyumba."

"Mwanangu, maiti ashushwe kwenye haya mawe hajaoshwa, hajafungwa, kabebwa kwenye blanketi, kila mlango unamwona? Mama yako ungemfanyia hivyo?"

"Mama yangu sio Muislamu."

Bwana wee, kelele. Vijana wa msikitini wakasimama, wa upande mwingine wakasimama, mwenyekiti anapiga meza kwa ufunguo wa pikipiki. Bi Mboni, ambaye hajawahi kuongea mkutanoni maisha yake yote, akasema, "Mkitufungia hiki chumba tutawaoshea wapi?" Waliosikia ni waliokaa karibu tu.

Ikaamuliwa ujenzi usimame. Kuta zibaki, paa lisiwekwe mpaka wataalamu waje wapime njia ya maji. Mtendaji akapiga muhuri. Wataalamu hadi leo hatujawaona, na sijui kama kuna aliyewaita.

Masika yakapita, na hapo kati Bi Mboni akaanza kukohoa. Akakonda, akalala, akafa. Alfajiri, nyumbani kwake, Bi Safia amemshika mkono.

Sasa Bi Safia amuoshee wapi rafiki yake? Kwa Bi Mboni ni chumba kimoja cha kupanga, kitanda kikiingia mtu haingii. Uani ndio kule kwa kanga. Akasema, "Mboni amekiombea hiki chumba, ataoshewa humo." Vijana wakavuta turubai la bluu juu ya kuta nne, wakalifunga kwa kamba kwenye mawe, kisha wanaume wakashuka wote makaburini kuchimba. Walibaki wanawake wanne ndani. Mama yangu alikuwa ndiye anayemwaga maji, kwa hiyo hii sijaambiwa na shoga wa shoga.

Wakati wameanza, mtu akapiga picha turubai kutoka juu. Akaituma kwenye grupu: "WAMEEZEKA." Sio turubai, sio msiba. Wameezeka. Watu wakaanza kumtag mwenyekiti, serikali haiheshimiwi, mnasubiri nini. Kuna wawili watatu waliandika jamani kuna msiba pale, ila meseji zilikuwa zinashuka kama mvua, nani asome.

Mwenyekiti akamtuma Chenge, mgambo wetu. Chenge hakupita mlango wa mbele, ambako angeona pazia na ndoo. Alitokea nyuma, kwenye jiwe lililo sawa na juu ya ukuta. Akaita, "Nani kaezeka hapa?" Kule ndani walimsikia. Ila wakati wa kuosha hawapigi kelele, na mama anasema walidhani ataondoka.

Akakata kamba kwa kisu.

Turubai likateleza likaangukia nje. Jua likaingia lote. Bi Mboni yuko pale kitandani, nguo ya kumsitiri imelowa, imemganda, mifupa yote inaonekana. Bi Safia hakufikiria. Alimlalia. Alijitandaza juu yake na nguo zake na maji yote, uzima wake juu ya ile baridi, anasema, "Mboni samahani, Mboni samahani."

Chenge bado kashika kisu. "Bi Safia... mi nimeambiwa paa. Sikujua mama."

"Lirudishe."

"Kamba nimeikata."

"Chenge, lirudishe!"

Alijaribu, masikini, turubai linamponyoka kila akivuta. Kule juu kwenye mabaraza watu walikuwa wamesimama. Wengine waligeuka wakaangalia ukutani. Wengine hawakugeuka. Mama na wenzake wakavua mitandio yao wakaishika juu kwa mikono, vichwa wazi, na Bi Safia akamalizia kuosha chini ya mitandio mpaka mwisho, hakuruka hata kiungo kimoja.

Baba Odeta alikuja mazikoni. Alisimama mbali, kofia mkononi, akaondoka bila kuongea na mtu. Grupu lilikaa kimya siku hiyo. Kesho yake wakaendelea.

Na Bi Safia akaenda kwa imamu na beseni, kata na kafuri iliyobaki, akamkabidhi. Akasema haoshi tena Jiwe Pana. Wakamuuliza sasa nani ataosha? "Muulizeni mwenyekiti." Sio utani. Mtu akimtania hata hacheki, na mimi nilimzoea akicheka.

Hakuna aliyeshika nafasi yake. Wiki iliyopita wale wa nyumba ya kona wamemshusha bibi yao, Bi Zuhura, kwa machela ya mbao mpaka barabarani, wakamvusha kwa kivuko kwenda kwa ndugu upande wa Kamanga. Kule kuna uwanja, kuna udongo, kuna wa kumuosha. Bi Zuhura anaumwa, ila hajafa. Anakula uji. Njia nzima alikuwa anauliza wanampeleka wapi, na hakuna aliyemjibu.