Sawa za Wilkister

Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa, Anton alikuwa amejifunza neno moja tu la Kiswahili, nalo ni sawa. Alilipenda kama mtoto anavyopenda filimbi. Wakija wageni wa Kikenya nyumbani kwao Hagsätra, Stockholm, kule mwisho wa treni ya kijani, huwapokea mlangoni kwa "Sawa sawa!" Wageni hucheka, naye Anton hucheka kuwashinda. Ukimwuliza maana yake atakwambia bila kusita kwamba ni ndiyo.

Hajasema uongo, jamani. Ila sisi tuliokua na neno hili tunajua lilivyo jeuri. Mtu aliyekubali husema sawa, na mtu aliyechoka kubishana husema sawa vilevile. Mama akikutazama juu mpaka chini akakwambia "sawa, nenda," wewe mwenyewe unavua viatu na kurudi kuketi. Wilkister, mkewe Anton, alikuwa nazo sawa za kila aina, na Anton alizipokea zote kwa furaha ileile.

Ya kwanza ilikuwa ya kweli kabisa. Anton alikuwa fundi wa mitambo ya maji, ametumwa Homa Bay kwa mwaka mmoja, mrefu, mwekundu kwa jua, mwenye haya. Wilkister alikuwa karani katika ofisi ya mradi, msichana mwenye mdomo aliyewajibu hata mameneja. Alipoombwa kuolewa, kwa Kiingereza cha kujikwaakwaa, alicheka, akasema sawa, na alimaanisha kwa moyo wote.

Mwaka jana Anton alistaafu, na haikupita miezi miwili akaanza kuota kijiji. Kijiji chenyewe kiko Uhispania, juu ya kilima: nyumba nyeupe kama sitini hivi, kanisa moja, na duka la mikate linalofungwa mchana ili watu wakalale. Aliketi jikoni na tableti yake akitazama video za Waswidi waliohamia huko. Wanachuma zeituni. Wanakunywa kahawa nje kwenye jua mwezi wa kwanza. Wanachekana kwa sababu hakuna anayejua msumari unaitwaje kwa Kihispania.

"Fikiria, Wilki," alimwambia. "Kuanza upya! Mahali hatujui mtu, hatujui lugha, kila siku kitu kipya."

Wilkister alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya. Kuanza upya alikujua. Miaka yake minne ya kwanza Stockholm alikuwa mtu wa kuonyesha kwa kidole. Dukani alionyesha. Kliniki daktari alimwuliza Anton, "Anaumwa wapi?" na Anton akajibu, naye Wilkister ameketi hapo katikati yao na tumbo lake la mimba kama mzigo ambao wale wawili wamekuja kuupima. Karani aliyewajibu mameneja akawa mtu wa kungoja mumewe arudi kutoka kazini ndipo simu ipigwe. Zile siku alizichukia.

Alijikwamua kidogokidogo. Alisoma lugha, akasomea kuhudumia wazee, akaajiriwa kwenye makao ya wazee, akaingia kwaya ya Kiswahili ya kanisani. Halafu ikafika siku ya chumba cha kufulia, kile cha jengo zima ambacho kila mtu hujiandikia saa yake. Bwana mmoja mwenye mbwa alijichukulia saa ya Wilkister, akadhani atanyamaziwa. Wilkister alimfokea kwa Kiswidi chenye makosa matatu, na yule bwana akaomba radhi, akazitoa nguo zake mashineni zikichuruzika maji. Alipotoka, Wilkister alikaa juu ya benchi akalia kwa raha. Pasipoti ya Uswidi alikuwa keshapewa zamani, lakini yeye huhesabu kwamba alihamia Stockholm siku ile.

Sasa huyu anamwambia kuanza upya kama vile anamkaribisha harusini.

"Tukienda tutakuwa *utlandssvenskar*," Anton alisoma kwenye tableti. Ndilo jina analopewa Mswidi anayeishi nchi ya watu, na ni jina zuri, lina kofia ya jua. Wilkister naye ameishi nchi ya watu miaka ishirini na miwili, na jina alilopewa yeye ni *invandrare*, mhamiaji. Alitaka kumwuliza mumewe yeye ataitwa nani huko. Hakuuliza. Alisema sawa, akaweka viazi motoni.

Mwezi wa kumi walikwenda kukitazama hicho kijiji kwa juma moja. Anton alikuwa ametoka kupasuliwa goti, anatembelea mkongojo, na Wilkister alimshika mkono kwenye vijia vya mawe. Siku ya tatu kikongwe wa nyumba ya jirani alimsimamisha Wilkister, akamvuta sweta, akasema maneno mengi huku akimwonyesha Anton, kisha akaonyesha mlango wake mwenyewe. Msichana wa duka la mikate, aliyejua Kiingereza, alitafsiri kwa adabu.

"Anauliza kama una nafasi asubuhi, umwogeshe na mume wake pia. Anaona huyu mzee wako unamtunza vizuri."

Anton alicheka hadi akashika ukuta. Waliporudi Stockholm alimsimulia kila aliyekuwa tayari kusikiliza. Wilkister hakumkasirikia kikongwe, maana kuogesha wazee ndiyo kazi yake na haionei aibu. Lakini hapa anaifanya akiwa na jina kifuani, na akitoka getini ni Mama Hanna, ni Wilkister wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, ni yule mama wa ghorofa ya tatu usiyemchezea. Kule angekuwa yule mwanamke wa yule mzee, tena bila lugha ya kuwasahihisha watu.

Alimweleza Elieshi, Mpare wa Same anayekaa Vårby gård, walipokuwa wanatandika vitanda kazini.

"Mwenzangu, unapelekwa kwenye jua halafu unanuna?" Elieshi alishangaa. "Wa kwangu kunipeleka hapo Södertälje tu ni mpaka nilie."

"Si maneno ya jua, Elieshi. Jua si niliacha kwetu?"

"Basi mwambie hutaki."

"Nitamwambia aje? Huyu mtu ndiye alinileta. Mamangu alipougua, aliacha kazi miezi miwili akakuja kukaa na sisi Homa Bay, anampikia uji na mkono yake. Hajawahi niomba kitu. Sasa ameomba hii moja."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nasema sawa."

Elieshi alichomeka ncha ya shuka chini ya godoro. "Hiyo sawa yako itakufikisha Uhispania, dada, utakuja kuniambia."

Hapo ndipo penyewe. Angekuwa mume mbaya, Wilkister angeshabeba virago vyake au angeshapiga kelele jengo zima likasikia. Tatizo Anton ni mtu mwema, na wema wake umemzunguka mkewe pande zote, hakuna pa kupitia bila kumkanyaga. Kila alipofungua mdomo kukataa aliuona ule uji wa mama yake, akaufunga tena.

Alijaribu kwa bintiye Hanna, mwanafunzi wa miaka ishirini, akitumaini mtoto atasema kitu.

"Hanna, wewe unaonaje hii maneno ya Uhispania?"

"Lakini mamma, ni ndoto ya pappa," Hanna alijibu kwa Kiswidi, macho kwenye simu. "Na mimi nitapata pa kuja likizo. Si ulishasema sawa?"

Jumapili moja, Wilkister akiwa anafunga kamba za viatu, zamu yake inaanza baada ya dakika arobaini na theluji imechelewesha treni, Anton alitokeza kichwa sebuleni. "Basi nimwite dalali?"

"Sawa," alisema Wilkister. Maana yake ilikuwa nimechelewa, niache. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Dalali alikuja Alhamisi saa tisa mchana. Aliitwa Emilia, mchangamfu kupita kiasi, akavua viatu mlangoni na kuzunguka vyumba vyote kwa soksi akisifu mwanga. Kisha akatandaza karatasi juu ya meza ya jikoni. Anton alitia saini kama mtu anayefungua zawadi, akaisogeza karatasi ya pili kwa mkewe.

"Hii ni ridhaa yako," Emilia alieleza. "Nyumba imeandikwa kwa jina la Anton, lakini sheria haimruhusu kuiuza bila wewe, kwa kuwa mnaishi humu wote wawili. Ukitia saini hapa, kesho natangaza."

Wilkister alishika kalamu. Aliutazama ule mstari mtupu. Mumewe alikuwa anamtazama kwa macho ya upendo mtupu, na yeye akaona kwamba akiandika jina lake pale hatatoka tena, atazeeka akionyesha kwa kidole.

"Sawa, Wilki?" Anton alimkonyeza.

Alitafuta Kiswidi. Kilikuwepo chote, lakini kila neno aliloligusa lilikuwa na adabu mno, lilikuwa na labda ndani yake. Akafungua mdomo, kikatoka Kiswahili.

"Sitaki."

Anton aliinamisha kichwa upande mmoja kwa udadisi, vile afanyavyo akikutana na neno jipya la Kihispania. "Hilo silijui," alisema. "Maana yake nini?"

Wilkister alimtazama. Miaka ishirini na miwili, na mtu huyu hajawahi kulisikia. Wala hakuna mtu mwingine aliyemficha. Ni yeye Wilkister ambaye hakuwahi kulitamka ndani ya nyumba hii hata mara moja, na sasa linasikika kama neno la watu wengine.

Anton alikuwa keshatoa simu na kufungua programu ya kutafsiri. "Subiri, subiri, usiniambie. Linaandikwaje?"

"S," alisema Wilkister. "I. T."

Anton aliandika kwa kidole kimoja, polepole, bado anatabasamu. Emilia aliacha kupanga karatasi zake.

"A. K."

Hapo alisita. Angeweza kuishia palepale, simu isingeelewa kitu, wangecheka wote watatu, naye angetia saini. Anton aliinua macho, akangoja. Wilkister aliiweka kalamu mezani.

"I," alisema.