Basi la Timu Iliyofungwa

Kuna Jumapili moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka leo, na ningeweza ningeisahau kesho asubuhi. Jana nilikusikia hapo nje ukimtukana kipa wa timu yako kwa sauti ya kuamsha Kangemi nzima. Sikukukataza. Niliingia ndani. Leo kaa hapa, zima hiyo simu, unisikilize. Sitakuchelewesha, na hata nikikuchelewesha, una haraka ya kwenda wapi?

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kijana wa chumba kimoja hapa hapa Kangemi, nikipaka rangi nyumba za wakubwa kule Kileleshwa. Mke sikuwa naye. Nilikuwa na mama yangu huko Bungoma, na nilikuwa na timu ya kwetu. Ukiniuliza ni kipi kati ya hivyo viwili nilikiwaza zaidi, nitaona aibu kukujibu.

Timu yenyewe haikuwa ya matajiri. Walikuwa walimu, makanika, mmoja alikuwa akiuza samaki. Wakicheza nyumbani walikuwa moto wa kuotea mbali. Tuliwasikia redioni wakimfunga huyu na yule, tukarukaruka chumbani mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini wakishatoka kwetu, we! Miguu inakuwa mizito, pasi zinakwenda kwa adui, beki anamtazama mwenzake kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana leo. Nakuru wamefungwa, Mombasa wamefungwa, Nairobi ndiyo usiseme. Na mimi naishi Nairobi! Nilikuwa nawaona wakija ugenini tu. Ushindi wao nilisimuliwa, vipigo nilivishuhudia mwenyewe.

Jumatatu kazini nilikuwa sina pa kujificha. Mwenzangu Ndung'u, tuliyekuwa tukishikiana ngazi, alikuwa ananingojea na ndoo yake ya rangi.

"Makokha, jana mlikula ngapi? Ambia watu wenu, next time walete kuku badala ya wachezaji. Kuku angalau tutakula."

Wote wanacheka, na mimi nacheka. Lakini iliniuma, mwanangu. Ukiwa mbali na kwenu, timu ya kwenu ikidharauliwa unaona umedharauliwa wewe, baba yako na kila mtu wa kijiji chenu.

Sasa elewa jambo moja. Siku hizo hatukuwa na simu za mfukoni, na basi la timu ndilo lililokuwa likituletea habari za nyumbani. Ndani yake utakuta unga wa wimbi, ndizi, pengine jogoo amefungwa miguu, na maneno ya kila boma: fulani amejifungua, fulani anaoa, shamba lenu limeingiliwa. Mechi ikiisha, sisi watu wa kwetu tulikuwa tunalizunguka basi, na wachezaji wanaita majina yetu dirishani.

Mwaka ule mama alikuwa mgonjwa tangu masika. Kifua kilimsumbua, hali chakula. Binamu yangu aliyepita Nairobi alikuwa ameniambia nisihangaike, timu inakuja, na Wekesa ataniletea habari kamili za mama. Wekesa ndiye aliyekuwa kipa. Boma lao na letu yametenganishwa na ua tu, na mama alimlea kama mimi.

Basi Jumapili hiyo nilitoka hapa kwa miguu, manyunyu yananyesha, nikienda kusikia mama anaendeleaje. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yangu. Lakini nilipokaribia kiwanja, upande wa Jamhuri, nikasikia ngoma za watu wetu. Mungu anisamehe, habari ya mama ikarudi nyuma. Nikawa nataka kitu kimoja tu: leo, hata mara moja, niwaone wakishinda.

Na Ndung'u alikuwapo. Alikuja na genge lake makusudi, wakasimama nyuma yangu.

Tulitangulia sisi kufunga. Ala! Nililia machozi ya kweli, nikamgeukia Ndung'u nikamwambia maneno ambayo sitayarudia mbele yako. Kipindi cha pili kikaanza, na ule ugonjwa wa ugenini ukawapanda tena. Wakasawazishiwa. Wakaongezwa la pili. Halafu ukaja mpira laini, wa kuviringika, hata wewe ungeudaka umekaa. Wekesa akainama, ukampita katikati ya miguu. Uwanja mzima ulicheka. La nne hata sikulitazama, nilikuwa natazama matope.

"Pole, Makokha," Ndung'u akaniambia. "Hata kuku hawakuleta."

Kipenga cha mwisho kilipolia nilikuwa nimeshafura. Nilipita karibu na basi kwa sababu njia ilikuwa hapo. Watu wetu wengi walikuwa wameshaondoka kwa aibu, hakuna aliyetaka kuonekana na wale vijana. Wekesa alikuwa amesimama mlangoni, jezi imemgandia mwilini, matope mpaka kwenye nywele.

"Makokha!" akaniita. "Ndugu yangu, ngoja. Nina neno lako."

Nilijua ni neno gani. Wewe usidhani sikujua. Nilijua ni la mama. Lakini Ndung'u na wenzake walikuwa wanatazama, na mdomo wangu ukanitangulia.

"Neno gani? Nenda ukajifunze kudaka mpira kwanza, halafu ndiyo uniite ndugu yako!"

Wale jamaa wakapiga makofi. Nikavuka barabara bila kugeuka. Nilijiambia habari za mama nitazipata kwa mtu mwingine kesho, haziozi. Nilitembea mpaka Kangemi nikimlaani Wekesa njia nzima.

Haikupita wiki mbili. Nilikuwa juu ya ngazi Kileleshwa, napaka dari, mtu wa kwetu aliyekuwa akifanya kazi hotelini mjini akaja na kofia mkononi. Akaniambia nishuke. Nikamwambia aseme tu. Akasema hapana, shuka kwanza. Hapo nikajua. Mama walikuwa wameshamzika.

Nilifika nyumbani udongo bado mbichi. Sikuweza kuingia ndani ya nyumba yake, nilikaa nje kwenye kigogo kama mgeni. Wekesa akaja, akakaa karibu nami. Nilitamani anipige. Hakunipiga.

"Siku ile nilikuwa nakuita uingie kwenye basi," akasema. "Mama ndiye aliyetutuma tukuchukue. Tulikuwekea kiti karibu na mimi."

"Mbona hukunifuata?"

"Nilikufuata mpaka barabarani na viatu vya mpira. Ulikuwa umeshapotelea kwa watu. Dereva anapiga honi, na wenzangu wana kazi Jumatatu."

 Nikamuuliza alimwambia nini mama.

"Nilimwambia hatukukukuta. Nilimwambia tajiri wako amekunyima ruhusa."

"Akasema nini?"

Wekesa akataka kuinuka aende zake. Nilimshika mkono nikamsihi. Akasema, "Alikuhurumia. Alisema, masikini mwanangu, wanamtesa huko."

Mwanangu, mimi nimezika watu wengi tangu siku hiyo. Nimemzika mke wangu, na Wekesa mwenyewe. Lakini hilo neno la mama bado linanitoa usingizini. Alikufa akinionea huruma, na hakuna aliyekuwa akinitesa. Nilikuwa nimeshiba, nina nguvu, nimenunia mpira.

Basi sikia. Sikuambii uache kupenda timu yako. Penda. Ikifungwa, kasirika, nuna, lala bila kula ukitaka, ni tumbo lako. Lakini hasira ya mpira iishie kwenye mpira. Yule anayedaka vibaya ana jina, ana mama, na pengine amebeba kitu chako. Usimtukane mtu ili kuwafurahisha wanaokucheka, maana watakupigia makofi hapo barabarani, halafu kila mmoja ataenda kwao. Na watu wako wakija ugenini wakapigwa, siku hiyo hiyo ndiyo uende kwenye basi lao. Wakishinda watapokewa na kila mtu, hawatakuhitaji. Wakifungwa, nenda uwape mkono, uulize habari za nyumbani, na mtu akikuita kwa jina lako, simama. Hata kama umekasirika, simama umsikilize mpaka amalize.

Mungu akulinde na mdomo wako mwenyewe, mwanangu. Akupe watu wa kukuita, na akupe masikio ya kuwasikia wakati bado wanaita. Na mimi siku yangu ikifika, akujalie uwe umeshafika.