Leso Iliyomkosa Mgeni

Kitambaa kinachochanwa kwa mikono kina sauti yake. Huanza na mkwaruzo mfupi, kisha hukimbia kama mtu aliyeona nyoka, halafu kimya. Niliisikia nikiwa bado ndani ya chandarua, macho nimeyafumba, na jambo la kwanza lililonijia ni kwamba kuna ugomvi na mtu ameshikwa nguo. Nikatega sikio nisikie matusi. Hayakuja. Ikaja sauti ile ile mara ya pili, ndefu zaidi, na mama akisema kwa upole, "Shika hapo kwenye mji, mwanangu. Jina usiliguse."

Nilipotoka niliwakuta watatu mkekani: mama, mdogo wangu, na wifi yangu, mke wa kaka. Katikati yao zilikuwa leso za mama, za harusi za watu, za Idi, za matanga, zote zilizokuwa zikinusa udi sandukuni. Leso ina pindo pembeni, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyochapwa. Mama alikuwa akitoa mji kwa kufuata uzi, na jina akilichana kando likiwa zima. Kwetu maneno ya leso hayakatwi. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Mdogo wangu alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Karo ya muhula wa kwanza isipofika kabla ya kufunguliwa, nafasi angepewa mwingine, na hilo aliambiwa wazi. Baba hayupo. Kaka ni mpishi katika hoteli moja Diani, na msimu ule wageni walikuwa wachache, wapishi wakifanya kazi kwa zamu na kulipwa nusu. Ndipo mama alipoamua kushona mifarishi: leso juu, blanketi kuukuu katikati, kitambaa cheupe chini, vyote vikipigwa bandi kwanza ili visiteleze, kisha vikishonwa mishono midogo midogo hadi kitu chote kikawa kizito na laini kama mgongo wa paka.

Mimi nilikuwa napiga bandi, kazi isiyoharibika. Mdogo wangu alishona katikati. Mzingo, ule ukingo wa kuzunguka, alishona wifi peke yake. Yeye ni mtu wa Kinango, na bibi yake alikuwa akishona hando, zile sketi za marinda za wanawake wa huko bara kavu. Vidole vyake vilijua kukusanya nguo. Pembe ya mfarishi, ambayo sisi tukiigusa hujikunja kama sikio la mbuzi, yeye aliilaza kwa marinda membamba hata ukadhani ilizaliwa hivyo. Mteja aliangalia pembe kabla ya kuangalia rangi.

Mteja wetu alikuwa mmoja tu. Mama wa makamo, mtu wa kutoka bara huko juu, aliyehamia Ukunda na kusambaza vitu vya mikono kwenye nyumba za wageni, akichukua kwanza na kulipa vikiuzwa. Alifika kwa bodaboda, miwani kichwani, akaketi kwenye kiti sisi tukiwa chini.

"Mamaa! Sasa? Mko poa?"

"Alhamdulillahi. Karibu, mwanangu. Umeamkaje?"

"Poa sana. Hii kazi yenu ni moto, aki. Lakini soko nayo imelala. Ule mfarishi wa leso ya korosho bado uko tu kwa duka."

Tulimwamini kwa sababu hatukuwa na mwingine wa kumwamini. Kisha jioni moja kaka akarudi kazini, akanawa mikono na kusema, bila kumtazama mtu, kwamba ameuona ule mfarishi wa korosho. Umeanikwa kwenye kamba ya nyumba ya wageni jirani na hoteli yao, umefuliwa, una doa la kahawa.

Mama alichukua upawa. Alimwongeza kaka mchuzi. Lakini tangu siku ile hata salamu za yule mama tulizipima. Akichelewa, anatukimbia. Akiwahi, ana pupa. Akicheka, tulitazamana. Yumkini mfarishi ule uliazimwa tu wageni wauone. Yumkini aliuuza akala. Hadi leo sijui, na nimechoka kukisia.

Mbaya zaidi, shaka haikukaa nje na viatu vya mgeni. Ziara iliyofuata alipunguza bei na kusema, "Mama, mimi najua hizi leso hamkununua. Ni zenu za zamani, si ndio?" Nani alimwambia? Wifi ndiye aliyekuwa akimsindikiza hadi barabarani. Jioni hiyo, wakichambua mchicha, mama alimuuliza kwa sauti iliyopakwa samli, "Hivi mkiwa njiani, mwanangu, huwa mnazungumza nini na yule bibi?"

"Mvua, mama," wifi akasema. "Ananiuliza Kinango kumenyesha."

"Mvua tu?"

"Mvua tu."

Mama akatikisa kichwa polepole. Wifi akaendelea kuchambua, lakini alianza kutupa majani mazima pamoja na mabovu.

Mgeni haulizwi akiwa amekalia kiti chako, hivyo ndivyo mama alivyolelewa. Ana njia nyingine: leso humsemea. Alinichukua tukaenda Ukunda, kwa muuza leso anayemfahamu tangu ujana, mtu wa masihara.

"Wamtafuta nani leo, bibie?" akauliza. "Jirani, mke mwenza, au mkwe?"

"Mgeni."

"Wa kulala au wa kupita?"

"Wa kunywa chai akaondoka."

"Aa, huyo ninaye!" Akapanda kwenye stuli, akafukua, akaitandaza moja juu ya meza. Ya kijani kibichi, mji wa njano, na chini yake: NIMEKUKARIBISHA NDANI MBONA WANIHESABIA VYOMBO.

Mama aliisoma midomo ikimtingishika. Alifurahi. Miezi mingi sikuwa nimemwona na uso ule. Tulirudi nyumbani tukakata doti iwe leso mbili, tukapinda, na ikawa tayari kwa ziara.

Yule mama alikuja na habari kubwa. Nyumba moja ya wageni ilitaka ule mfarishi wetu wa kitanda kipana, uliobaki mzingo tu, malipo papo hapo, mradi uwe tayari Ijumaa. Karo nzima ilikuwa humo. Mdogo wangu alijishika kifua. Mama, aliyekuwa amejifunga leso ile mpya kiunoni, alisimama kumwaga chai, akamgeuzia mgeni mgongo taratibu, akainama juu ya birika na kukaa pale pale kwa muda ambao chai haiuhitaji. Maneno yalikuwa yamenyooka kwenye makalio yake kama bango la duka.

"Wee mama!" mgeni akapiga ukelele. "Hebu simama hivyo hivyo!" Akatoa simu, akampiga picha kutoka nyuma. "Hii green ndio wazungu wanataka. Mnaweza kuniwekea hii katikati ya ule mkubwa? Maandishi nayo muache, wanapenda maandishi."

Mdogo wangu alijifunika uso kwa kitambaa asicheke. Mimi nilimtazama mama akigeuka, birika mkononi, kama mtu aliyerusha jiwe likaokotwa na kusifiwa kwa mviringo wake. Sikumwangalia wifi. Wifi alikuwa ameketi mkekani nyuma ya mama akishona mzingo, na maneno yale, tangu mwanzo wa chai hadi mwisho, yalikuwa mbele ya uso wake.

Hakumsindikiza mgeni siku hiyo. Bodaboda ilipoondoka, alichoma sindano kwenye mzingo wa ule mfarishi mkubwa, pembe ya kwanza ikiwa nusu, akaingia chumbani. Alitoka na mkoba.

"Nimekaribishwa ndani," akasema. "Nimehesabu vyombo gani, mama?"

"Mwanangu, si yako hiyo."

"Basi ya nani? Ya yule aliyeisifu?"

"Ndiyo, yake! Wallahi ni yake."

Wifi akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko kilio. "Kila avaaye leso husema si yako. Nimeishi kwenu miaka, nimejifunza hilo. Mlinunua mkiwa wawili, mkapinda mkinificha mikono. Mliniuliza habari za njiani. Kwetu mtu akikushuku hukuambia usoni, mkagombana, mkala ugali."

"Wifi, tafadhali," mdogo wangu akasema. "Ijumaa ni keshokutwa. Mimi mzingo siuwezi."

"Najua huuwezi. Mngeniambia mimi ni mwizi, ningekaa nikakumalizia. Ningekasirika huku nashona."

Hapo ndipo mama alipofanya jambo ambalo mtu mwingine yeyote angeliona ni la upole. Alijifungua leso ile, akabaki na gauni, akaikunja maneno yakiwa ndani, akamnyooshea kwa mikono miwili. "Ichukue. Ichome, ikate, fanya utakalo. Sitaivaa tena."

Wifi aliitazama bila kuigusa. Leso ukikabidhiwa mkononi, na jina lake unakabidhiwa. Mama alilitambua hilo mikono yake ikiwa tayari hewani, nami nililiona likimfika usoni, lakini kuirudisha nako kungekuwa neno.

"Sasa wanipa niivae," wifi akasema.

Nimejiuliza mara nyingi kama mama mwenyewe aliijua hakika ya aliyemlenga kwa leso ile. Pale dukani, muuzaji aliposema mkwe, alisita kidogo kabla ya kujibu mgeni. Kidogo mno. Pengine alikuwa anapiga chafya.

Mdogo wangu alikuwa ameuvuta mfarishi mapajani, akajaribu kuendeleza pale sindano ilipoachwa. Kitambaa kikajikunja. Akafumua, akajaribu tena, kikajikunja.

Wifi alivaa viatu vyake vizuri, akafunga kila kamba. Alimshika mama mkono kwa adabu zote. "Shikamoo, mama. Nakwenda kwetu. Mume wangu nitamweleza mwenyewe."

"Marahaba," mama akasema, maana salamu haiachwi bila jibu.

Nje, jirani alikuwa ameacha kufagia na kuegemea ufagio wake, anatazama upande wetu. Wifi akavuka kizingiti, na mama, leso bado mkononi, akauvuta mlango kwa haraka jirani asiione, akaufunga nyuma ya wifi.