Job iliyomaliza memory ya seva na kina mama waliokosa ujumbe wa kliniki

Wakuu, asalaam aleikum, na kwa wengine habari zenu. Haya yamenikuta mwenyewe na nitayaeleza bila kutia chumvi.

Nafanyia kazi nyumbani, Mji wa Kale, katika nyumba aliyotuachia mama. Ndugu zangu wameshahama. Mwenzangu kazini aliacha, mfumo wote ukabaki juu yangu.

Kuna siku jua lilikuwa likitua na mtu pekee niliyesema naye ni muuza mkate.

Mfumo wenyewe hutuma ujumbe wa simu kuwakumbusha kina mama siku ya kliniki ya mtoto. Kila asubuhi job moja, yaani programu ya kujiendesha, huanza yenyewe kwenye seva, ile kompyuta inayobeba mfumo, inampitia mama mmoja mmoja, inasoma tarehe yake, inatuma.

Siku moja akanipigia Sista Mwanaisha, muuguzi wa kliniki iliyoko Majengo.

"Kaka, watu wangu hawapati ujumbe. Leo amekuja mama, chanjo ya mwanawe imeshampita. Aniambia alikuwa angoja ujumbe wenu."

"Ni wote?"

"La. Wa zamani wapata. Ni hawa waliojifungua juzijuzi."

Nilipoangalia, nikaona job inazidi kula memory, ile nafasi ya seva ya kufanyia kazi, mpaka seva inaiua katikati. Ikiuliwa haiendelei, inangoja kesho ianze tena na walioandikishwa mwanzo. Wapya wako mwisho, hawafikiwi.

Yaani waliokosa ni wenye watoto wachanga kabisa. Chai ilinishinda kunywa.

Nikaongeza memory. Ikatulia kidogo, ikarudi palepale. Nikashuku sehemu ya kutuma ujumbe, nikaibadilisha yote bure.

Ukiwa na mwenzako utamuuliza, "Hebu tazama hapa." Mimi nilijikuta nauliza kwa sauti, halafu nyumba kimya.

Mwisho nikazima kutuma kabisa, job ikawa inasoma tu. Memory bado ikapanda. Basi shida iko kwenye kusoma.

Nikaifanya imsome mama yuleyule tena na tena. Haikupanda. Nikabadilisha kina mama, ikapanda.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kuna kitu kinahifadhi jibu la kila swali jipya.

Ilikuwa query cache. Job ikiuliza database, ghala la taarifa za kina mama, swali, jibu huwekwa pembeni ili likiulizwa tena lisitafutwe upya. Kwenye ukurasa wa tovuti ni jambo zuri, ukurasa ukishafunguka yote yanatupwa. Job yangu ilikuwa ndefu, na kila mama ni swali lake. Majibu yakarundikana na hakuna lililowahi kutumika mara ya pili.

Dawa ilikuwa mstari mmoja, kuizima cache ndani ya ule mzunguko wa kumpitia mama mmoja mmoja. Asubuhi yake memory ikakaa sawa mpaka mama wa mwisho.

Nikamwarifu Sista. "Alhamdulillahi, wamepata," akasema, akakata. Ana foleni.

Nikakaa pale na furaha yangu, sina wa kumpa.

Nikampigia dada yangu Nuru, yuko Maskati. Tulikuwa tumekaa miezi bila kuongea, bila ugomvi wowote. Nikaanza kumweleza cache, job, memory. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Nuru, upo?"

"Nipo. Sielewi hata neno moja. Lakini endelea, nataka kukusikia tu."

Nikaanza upya, tangu Sista aliponipigia. Naye akasikiliza mpaka mwisho.

Nilichojifunza: job ndefu isiachiwe cache ya maswali yasiyorudiwa, na ukikwama, zima kipande kimoja kimoja mpaka mwenye kosa ajitokeze. La pili, kazi ya peke yako ikikwisha vizuri, mtafute mtu umwambie, hata kama hataelewa.

Wenzangu mnaofanya kazi peke yenu nyumbani, nyinyi huongea na nani? Niandikieni hapa, nitawajibu nyote.